Alhamisi Kaka Alipobaki Ndani ya Gari

Uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, sogea nikushike mkono tuvuke pamoja.

Naitwa Kathiravan, Kathir kwa kifupi, mtoto wa mfumaji wa Karumalai. Shule niliacha darasa la nane. Ushairi nilijifundisha mwenyewe kwenye benchi la duka la chai, kwa magazeti ya jana. Kwa miaka saba nilimwandikia hotuba Mheshimiwa Elavarasu, mbunge wetu mara sita na waziri wa serikali ya Tamil Nadu mara tatu. Yeye alikuwa na miaka sabini na nne, mimi ishirini na sita, lakini nilimwita Kaka, kwa kuwa Karumalai nzima ilimwita Kaka, kuanzia vikongwe mpaka watoto wanaoanza kusimama.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi Chama kilivyotoa orodha ya wagombea na jina la Kaka halimo. Niliwaeleza jinsi mimi na wakili Devasahayam tulivyokaa siku tatu kwenye varanda ya Mwenyekiti kule Chennai, tukiambiwa kesho, kesho, mpaka Mwenyekiti akaona haya akatia saini. Na jinsi tulivyorudi Jumatano na ile fomu ya Chama, tukamkuta Kaka hospitalini Madurai, kando ya kitanda cha mkewe, Shemeji Sornam, ambaye moyo ulikuwa umemchoka na alikuwa apasuliwe Alhamisi saa nane mchana.

Alhamisi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Mwisho saa tisa kamili.

Kaka alitaka kubaki hospitalini. Shemeji akamwambia, "Nenda. Nikizinduka nikakukuta umekaa hapa kama mstaafu, nitazimia tena." Ndivyo walivyotaniana, miaka hamsini.

Akaenda. Na mimi nikaenda naye.

Hii Alhamisi nilitaka kuiruka. Nilimwomba mhariri nianze na Ijumaa. Akaniambia kama nataka kuungama niungame, na kama sitaki nirudi kwenye mashairi ya arusi. Basi.

Fomu ya Chama ina mistari miwili. Mstari wa kwanza ni wa jina la mgombea. Wa pili ni wa mbadala, yule atakayeshika alama ya Chama ikiwa mgombea mwenyewe ataanguka njiani. Wengi humwandika mke au mtoto, mtu asiye na tamaa, ambaye baada ya siku mbili hujiondoa na hakuna anayemkumbuka. Mara zote sita Kaka alimwandika Shemeji. Safari hii Shemeji alikuwa kitandani, na watoto hawakuwa nao. Kaka akachukua kalamu, akaandika jina langu, bila hata kuniuliza.

"Usianze kuota," akaniambia. "Ni wino tu."

Sasa kuna jambo ambalo nje ya nyumba ile lilijulikana na watu watatu tu: dereva, wakili na mimi.

Kwetu kila siku ina saa moja na nusu ya Rahu, saa ya nuksi. Ndani yake mtu haanzi safari, haposi, hafungui duka. Ya Alhamisi inaanza saa saba na nusu mchana na kuisha saa tisa. Chama chetu kinaicheka saa hiyo. Kilizaliwa kikiicheka. Na hakuna aliyeicheka vizuri kuliko Kaka. Jukwaani alikuwa anavua saa yake ya mkononi, anaiinua mbele ya watu elfu kumi, anauliza, "Rahu amekaa wapi humu? Fundi ameifungua mara tatu, mbona hakumwona?" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Alipoteuliwa waziri mara ya kwanza, Waziri wa Umwagiliaji, alichagua makusudi kuapa katikati ya saa ya Rahu, waandishi wa habari wakitazama. Picha ilitoka magazeti yote. Siku ya tisa binti yao wa pekee, Malar, mwenye miaka minane, akafa kwa homa ya ubongo.

Kaka hakuamini kwamba jambo moja lilizaa jingine. Lakini Shemeji alimshika mkono kando ya maiti ya mtoto akamtaka ahadi: maadamu yeye yu hai, mumewe hataanza jambo ndani ya saa ile. Kaka akaahidi.

Akaitunza ahadi hiyo miaka thelathini na mmoja, kwa siri, huku akiendelea kumcheka Rahu jukwaani. Akiwa Waziri wa Umwagiliaji, akiwa Waziri wa Chakula, hata walipomtupa Wizara ya Misitu ili anyamaze, hakuwahi kukata utepe ndani ya saa hiyo. Dereva wetu alikuwa bingwa wa kutoboa matairi. Hotuba zangu nyingi zina aya tano za mwisho zisizo na kazi yoyote. Ziliwekwa ili Rahu apite.

Kwa hiyo wakili Devasahayam alipopanga siku ile, alipanga akijua. Mimi mbadala nirudishe fomu kwanza, saa sita na nusu. Kaka aseme na watu dakika kumi kuanzia saa saba. Saa saba na robo awe mbele ya msimamizi wa uchaguzi. Saa saba na nusu tuwe tumeshamaliza, tuko njiani kwenda Madurai.

Mimi nilirudisha fomu zangu kama ilivyopangwa. Msimamizi hata hakuniangalia usoni.

Nje, barabara ilikuwa imejaa. Ngoma, fataki, wafumaji wamefunga viwanda, wakulima wamekuja na matrekta. Mita mia moja kutoka lango la ofisi ya wilaya polisi walikuwa wamechora mstari wa chokaa. Magari na spika mwisho hapo. Nyuma ya mstari huo ndipo lilipoegeshwa lori la jukwaa.

Kazi yangu siku zote ilikuwa moja. Mimi husimama chini ya jukwaa, mahali anaponiona. Wakati ukiisha, huinua kitambaa changu cha begani. Kaka akikiona hufunga hotuba, hata kama yuko katikati ya sentensi. Hakuwa na haja ya saa. Saa yake nilikuwa mimi.

Siku ile nilikuwa nimempa beti mpya. Nilizitunga kwenye ile varanda ya Chennai, kwa hasira, siku tatu za kuambiwa kesho. Zilieleza maisha yake yote: jinsi polisi walivyomfunga pingu akiwa na miaka kumi na saba kwa sababu ya kuitetea lugha yetu, na jinsi mkono ule ule baadaye ulivyobonyeza kitufe cha kufungua bwawa la Karumalai. Kaka alipofika hapo, akashusha sauti:

"Mkono mliofunga, leo wafungua bwawa;
Mto uliojitenga, kila shamba wagawiwa."

Halafu watu wakalipuka.

Nimeandika miaka saba. Sikuwahi kuona watu wazima wakilia kwa maneno yangu. Mwanamke mmoja mwenye kishada cha jasmini kichwani alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya sari. Wakataka ubeti urudiwe. Kaka akaurudia. Wakataka tena.

Niliangalia saa ya msikiti ng'ambo ya barabara. Saa saba na dakika kumi na mbili. Kitambaa kilikuwa begani.

Sikukiinua.

Nilijiambia mara moja tu zaidi. Saa saba na ishirini nilijiambia hivyo hivyo. Wakili alikuwa ndani akipanga karatasi, hakuniona. Kaka alikuwa ananitazama, kila akimaliza ubeti ananitazama, na mimi namtazama huku kitambaa kimelala begani kama kawaida. Kwa hiyo aliendelea. Aliniamini.

Aliposhuka mwenyewe kwa kuchoka koo, saa ya msikiti ilisema saa saba na dakika thelathini na tatu.

Akasimama. Akaitazama ile saa, kisha akanitazama mimi. Akapanda gari, akafunga mlango.

Wakili Devasahayam alikuja mbio, jasho linamtiririka, mkoba kifuani. Aliinama dirishani akaongea polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Kaka, bado hatujaharibikiwa. Aliye ndani ya lango saa tisa anapewa namba, anahudumiwa hata kama ni saa kumi. Ingia tu ukae kwenye benchi. Fomu utazitoa Rahu akishaondoka."

"Na mguu utakaovuka lango ni wa nani, Deva?"

"Kaka, wewe huamini mambo haya."

"Siamini hata chembe." Aliangalia mikono yake. "Saa nane wanampasua kifua. Mimi katika maisha yake yote nimemwahidi kitu kimoja tu. Ubunge sikumwahidi."

"Lango linafungwa saa tisa ile ile Rahu anapoondoka. Hakuna upenyo hata wa sekunde."

"Najua kuhesabu. Nilikuwa Waziri wa Chakula."

"Watu niwaambie nini?"

"Waambie goti linaniuma."

Ndivyo watu walivyoambiwa. Wakaendelea kucheza ngoma, wakijua mzee anapumzisha goti.

Mimi nikasogea dirishani kuomba radhi. Sikuja vizuri. Nilikuja na maelezo. Nikamwambia watu ndio waliotaka ubeti urudiwe.

Kaka hakuwa mtu wa matusi. Lakini mkewe alikuwa anapelekwa kwenye kisu na yeye yuko kilomita themanini, amekwama nje ya lango. Alinijibu kwa sauti ile ya jukwaani, ambayo haijui kunong'ona.

"Watu? Watu wanakuja kusikiliza koo hili tangu kabla mama yako hajaolewa. Ubeti wako ungesomwa na mwingine wangeenda kununua karanga. Kazi yako ilikuwa kuinua kitambaa, Kathir. Kitambaa. Hata mti wa kuanikia nguo unaweza kushika kitambaa."

Mpiga ngoma mmoja aliyesimama karibu akacheka. Na Sadaiyan akasikia.

Sadaiyan ni katibu wa Chama wa wilaya. Kiti cha Kaka alikitaka kwa ajili ya mpwa wake, na ndiye aliyefuta jina la Kaka kwenye orodha ya kwanza; hilo nililisimulia. Alinijia akitabasamu, akaniwekea mkono begani.

"Usimsikilize. Mzee amechoka. Hivi goti ndilo linalomuuma, au ni kitu kingine?"

Nikasema goti.

"Sawa, goti. Lakini nimepiga hesabu. Goti lisipopona kabla ya saa tisa, mgombea wetu ni nani? Nimesoma fomu." Akaviringisha masharubu. "Mheshimiwa Kathiravan. Mtoto wa mfumaji. Mshairi. Jina zuri hilo kwenye ukuta. Mpwa wangu anaweza kusubiri miaka mitano."

Niliuondoa mkono wake. Nataka mjue kwamba niliuondoa. Lakini jina aliloliita lilibaki pale pale begani.

Saa nane ikapita. Kaka ndani ya gari hakusogea. Alikuwa ameweka miwani kwenye kiti cha mbele, amefumba macho.

Simu yake nilikuwa nayo mimi. Siku zote simu ya Kaka ilikaa mfukoni mwangu, kwa sababu hakuweza kusoma zile namba ndogo, na kwa sababu kila mtu wa Karumalai aliyekosa maji ya bomba alimpigia yeye mwenyewe.

Ikalia. Alikuwa Ponni, mdogo wake Shemeji, kutoka hospitalini, kwa simu ya Shemeji. Nikasogea pembeni, nyuma ya lori, ili nisikie.

Ponni akasema hawajampasua. Daktari alimrudisha mlangoni kwa sababu homa ilipanda. Imeahirishwa hadi kesho. Kisha nikasikia wananyang'anyana simu, na sauti nyembamba ya Shemeji ikaja.

"Yumo ndani ya gari, siyo?"

"Ndiyo, Shemeji."

"Nilijua. Nimetazama saa ya ukutani hapa nikajua." Akahema kidogo. "Mjinga yule. Miaka yote hii. Mwambie nimemfungua. Sikia vizuri, mdogo wangu. Ahadi yangu nimeirudisha, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mwambie aingie sasa hivi. Asiingie kwa ajili yangu tena, aingie kwa ajili yake. Asipokuwa mbunge nitaishi naye vipi ndani ya nyumba siku nzima?"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, Ponni akamnyang'anya simu.

Nilisema nitamwambia. Nilikusudia kumwambia. Nikapiga hatua tatu kuelekea garini.

Hatua ya nne nikamwona yule mpiga ngoma. Alikuwa anamwigizia mwenzake: ameweka fimbo wima, amening'iniza kitambaa juu yake, anaipigia makofi. Wote wawili wanacheka.

Nikageuka.

Nilikwenda kwenye duka la chai. Niliagiza chai. Muda ulikuwepo, wa kutosha kumfikisha mzee mwenye goti bovu ndani ya lango akiwa anaimba njia nzima. Nikajiambia nitamalizia chai kwanza. Mwenye duka akakataa kuniacha nisimame, akanifutia kiti. Mfumaji mmoja mzee, rafiki wa baba yangu, akaja akanivisha shali begani, kwa kuwa Sadaiyan alikuwa ameshawaambia watu jina lililoko kwenye mstari wa pili. Yule mzee alinishika mikono yote miwili. Alisema baba yangu angekuwa hai angelia.

Nikaagiza chai ya pili.

Ninyi mnaosoma mtasema niliutaka ubunge. Andikeni mnavyotaka. Nimejichunguza miezi mingi. Nadhani nilitaka akae pale kidogo, mle ndani ya gari, kama nilivyokaa mimi miaka saba chini ya jukwaa, akimngoja mtu mwingine ainue mkono. Kidogo tu. Halafu kidogo kikawa kirefu.

Saa nane na dakika hamsini mtoto wa dereva akaniambia Kaka ananiita.

Nilikwenda nikijua amejua.

Hakuwa amejua kitu. Mapajani alikuwa na boksi la wali wa mtindi ambalo Ponni alimfungia asubuhi, na achari ya limau pembeni. Alikuwa amekula nusu, akaigawa kwa kidole nusu nyingine, safi.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikatazama wali.

"Kula. Hukula tangu jana, mimi nakuona." Akanisogezea boksi dirishani. "Maneno niliyokwambia mbele ya watu hayakuwa ya mtu mzima. Koo hili limekuwa bovu miaka minne sasa, hata daktari anajua. Watu wanakuja kwa sababu ya unachokiandika. Nilikuwa nasubiri nikae kwanza kwenye kiti changu cha saba ndipo nikwambie, usije ukavimba kichwa. Sasa kiti hakipo, basi nakwambia bure."

Nikasema, "Kaka, Shemeji amepiga."

Boksi likaanguka.

"Hawajampasua. Ni kesho. Anasema amekufungua. Ahadi yake ameirudisha. Anasema uingie."

Hakuuliza swali. Uso wake ulifunguka kama wa kijana. Alitafuta komeo la mlango kwa mkono wenye wali, akashuka, akakunja msuli wake mweupe hadi magotini kama mtu anayeingia shambani, akamwita wakili kwa sauti ya jukwaani. Wakili alikuwa mbele yetu tayari, mkoba mikononi.

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Mita mia moja. Ilitosha.

Lakini watu walimwona.

Kwa saa nzima na zaidi walikuwa wanangojea goti lipone. Sasa goti limepona. Nani angewazuia? Ngoma zikapanda, umati ukapasuka, wakamjia. Kwetu mtu hamwachi kiongozi wake apite hivi hivi akienda kurudisha fomu. Lazima umvishe shali. Lazima akuruhusu umvishe, na lazima mmoja wenu apige picha, kwa sababu picha hiyo itakaa ukutani juu ya televisheni mpaka wajukuu.

Shali ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Wakili anapiga kelele wapishe, nao wanadhani anashangilia. Mimi nasukuma watu kwa viwiko, nampiga mmoja kifuani, mtu mzima anayelia kwa furaha, ananiambia, "Taratibu, mdogo wangu, ni Kaka yetu huyu." Shali zinamfika Kaka kidevuni. Anazivua anazitupa, wanadhani anawarushia, wanazigombania.

Akawaambia, "Niacheni nipite, jamani, naomba." Spika zilikuwa nyuma, koo halikuwepo. Hakuna aliyesikia.

Tulipovuka mstari wa chokaa umati ulibaki nyuma, maana polisi wanawazuia hapo. Mbele yetu barabara ilikuwa tupu. Kaka akakimbia. Mtu wa miaka sabini na nne, waziri mara tatu, kandambili zimebaki kwenye umati, anakimbia peku juu ya lami ya mchana huku mguu wa kulia ukimkunjika kila hatua. Nikataka kumshika mkono. Akanisukuma, "Utanichelewesha."

Kengele ya ofisi ikagonga saa tisa tukiwa tumebakiza umbali ambao ningeweza kutupa jiwe bila kujitahidi.

Askari langoni alikuwa mtu wa Karumalai. Alivuta lango. Kaka akafika akakishika kile chuma, uso kwa uso na askari.

"Mwanangu," akasema, na hakuweza kuendelea kwa kukosa pumzi.

Askari alikuwa anatazama chini. Alisema kamera iko juu ya kichwa chake, inarekodi. Alisema nyumbani kwao maji yanatoka bwawani mwa Kaka. Alisema samahani mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na akafunga mnyororo.

Wakili Devasahayam alikaa chini palepale barabarani na mkoba wake.

Kaka hakulia. Aliliachia lango, akaangalia viganja vyake vilivyoshika kutu, akavipangusia kwenye msuli. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji kando ya ukuta, miguu yake ya peku imechubuka. Kutoka kule nyuma ya mstari wa chokaa ngoma zilikuwa bado zinapigwa. Hakuna aliyewaambia.

Kisha zikabadilika. Sadaiyan alikuwa amewaambia. Nikasikia spika ya lori ikitaja jina langu, sauti ya Sadaiyan, na watu kwanza wakasita, halafu mmoja akaitikia, halafu wengi. Walikuwa wanauimba mstari wangu. Mkono mliofunga. Waliushika haraka.

"Sikiliza," Kaka akasema. "Si nilikwambia?"

Nilikaa kando yake. Shali ya yule mzee mfumaji bado ilikuwa begani mwangu. Niliivua nikaikunja, sikujua niiweke wapi.

"Usifanye uso huo," akasema. "Wewe umepata, mimi nimekosa, Chama hakijakosa. Kesho nitasimama kwenye lori nikuombee kura. Utaniandikia cha kusema." Akapapasa mifuko ya shati. "Nipe simu. Nimpigie Sornam kabla hajasikia kwenye televisheni. Atadhani nimekaidi. Nataka ajue nilikimbia."

Nikampa.

Akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza. Miwani ilikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari.

"Aliongea na wewe vizuri? Sauti yake ilikuwaje?"

"Alicheka, Kaka."

"Alicheka." Akatabasamu peke yake. Halafu nikaona kitu kikimpita usoni, kidogo sana, kama mtu anayesikia mlango ukigongwa nyumba ya jirani. Aliangalia kule gari lilikoegeshwa, kisha mstari wa chokaa, kisha lango. Alikuwa Waziri wa Chakula. Alijua kuhesabu.

Akanirudishia simu, kioo kikiwa juu.

"Macho yangu hayaoni hizi namba. Nisomee," akasema. "Sornam alipiga saa ngapi?"

Niliitazama. Jina lake lilikuwa juu kabisa, na chini ya jina, kwa namba ndogo nyeupe, saa nane na dakika ishirini na nne.

Kaka alikuwa ananitazama mdomoni. Alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama toka jukwaani, akingojea nimwambie muda.